Kuchagua Antena ya Intaneti ya Masafa Marefu: Mazungumzo na Wakazi wa Kulamawe



Kijiji kisipokuwa na intaneti, mzazi hulazimika kupanda gari hadi Isiolo mjini ili tu kuomba cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen. Njia moja ya kuileta bila kutandaza waya ni kuirusha hewani, mlingoti hadi mlingoti. Lakini antena ikichaguliwa vibaya, mbuzi waliouzwa kwa mchango wamekwenda bure.

Jambo la kwanza ni kuonana. Kati ya antena mbili pasiwe na mti, jengo wala kilima. Hata hivyo, kuona kwa macho hakutoshi, kwa sababu mawimbi hutanuka katikati ya njia. Kwa kilomita 30 na masafa ya gigahezi 5.8, inahitajika nafasi wazi ya karibu mita 12 chini ya mstari, na mviringo wa dunia huongeza mita 13 hivi. Kwenye tambarare, basi, ni milingoti ya mita 25 pande zote mbili, kabla ya kuhesabu urefu wa miti. Upande mmoja ukiwa juu, kwa mfano Milima ya Nyambene, wa kijijini unaweza kuwa mfupi.

La pili ni aina. Antena inayorusha pande zote hutawanya nguvu, haifai safari ndefu. Safari ndefu ni kazi ya dishi, linaloelekeza nguvu mahali pamoja. Intaneti ikishafika, antena ya pembe ya nyuzi 90 au 120 ndiyo huigawa kwa shule, zahanati na maduka.

La tatu ni ukubwa. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayofika hubaki robo. Dishi la sentimita 120 hukusanya nguvu mara nne ya lile la sentimita 60. Lakini mwale wake ni mwembamba, nyuzi 3 hivi, na hushika upepo zaidi. Mlingoti ukiyumba, intaneti hukatika. Penye upepo mkali, dishi la wavu hupunguza mzigo huo, na mlingoti ufungwe kwa nyaya imara.

Kabla ya kulipa, kamati imuulize fundi: Njia imepimwa? Antena zote mbili zitalazwa mkao mmoja, wima au mlalo? Kinga ya radi ipo? Sola itatosha usiku? Vifaa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya? Majibu yaandikwe na yasomwe barazani.

Fundi asiyepima njia asipewe pesa. Haraka haraka haina baraka.