Siku Zimepita, Mama: Kupima Mimba na Kuhesabu Siku Zake

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako. Kama uko na watu ambao hupendi walisikie jambo hili, punguza sauti ya redio kidogo na usogee karibu.

Leo tunajibu maswali ambayo akina mama huuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi wakiwa wameshaagana na muuguzi na mkono uko mlangoni: Siku zangu zimepita, je, ni mimba? Na kama ni mimba ambayo sikuipanga, nifanye nini?

Kwanza, usikisie kwa dalili peke yake. Kichefuchefu, uchovu na kuumwa kichwa huja na mimba, lakini pia huja na malaria, na wale wa Soin wanajua malaria ilivyo. Wako akina mama waliomeza dawa za malaria mara mbili kabla ya kujua kwamba ni mimba. Siku zikipita na mwili ukawa mzito, pima yote mawili. Usinunue dawa dukani kabla ya kumwambia mhudumu kwamba huenda una mimba.

Nipime lini? Kipimo cha mkojo hutafuta homoni ambayo mwili huanza kuitoa baada ya mimba kujishikiza katika mji wa mimba. Siku chache baada ya kulala na mume wako homoni hiyo bado haijaonekana, hata kama mimba imeingia. Kwa hivyo ngoja mpaka siku uliyotazamia kuona mwezi. Ikipita bila kitu, unaweza kupima. Kama siku zako hazina mpango, mara mapema, mara zimekawia, hesabu wiki 3 tangu mlipolala pamoja, kisha upime.

Kipimo kinapatikana hospitalini, kwenye zahanati na kwenye maduka ya dawa. Ni kijikaratasi kirefu chembamba ndani ya pakiti. Angalia kwanza tarehe ya mwisho ya kutumika. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla ya kunywa chai na kabla ya kwenda kuchuma majani, maana mkojo huo haujachanganyika na maji mengi. Kinga mkojo katika kikombe safi kikavu. Tumbukiza kijikaratasi bila kuupita ule mstari wenye mshale, kilaze mahali palipo sawa, ungoje dakika 5 au kama pakiti inavyosema. Mstari mmoja wa juu: mimba haikuonekana. Mistari miwili: mimba ipo, hata kama ule wa pili ni hafifu. Hakuna mstari hata mmoja: kipimo kimeharibika, tafuta kingine. Na usikitoe kwenye takataka jioni ukakisoma upya, kwa sababu kikishakauka kinaweza kuonyesha mstari wa uongo.

Kuna wanaochanganya mkojo na sukari, chumvi au dawa ya meno, kisha wanatazama kama utatoa povu. Mama, sukari yako iweke kwenye chai. Povu hilo halijui lolote kuhusu mimba.

Kipimo kikisema hakuna, na mwezi bado hauji, rudia baada ya wiki 1. Kikisema ipo, na una maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, au unatokwa na damu, au unasikia kizunguzungu, usingoje asubuhi. Mimba inaweza kuwa imeshika nje ya mji wa mimba, na hiyo huua mama. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye koili akipata mistari miwili naye aende mara moja, hata kama hasikii maumivu.

“Lakini mimi ninanyonyesha, na mwezi haujarudi tangu nijifungue.” Kunyonyesha huzuia mimba ikiwa mambo matatu yako pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya titi tu mchana na usiku bila uji wala maziwa ya ng’ombe, na mwezi haujarudi. Moja likivunjika, kinga imevunjika. Kumbuka pia kwamba yai hutoka kabla ya mwezi kuonekana, kwa hivyo mama anaweza kushika mimba bila kuona damu hata mara moja. Wa sindano ya miezi mitatu huenda wasione mwezi kabisa, na hilo ni kawaida. Ila kama tarehe ya kurudi imekupita kwa majuma kadhaa, pima kabla ya kudungwa nyingine.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu hesabu hii imevunja nyumba za watu wasio na kosa.

Wahudumu wa afya hawahesabu mimba kuanzia siku mliyolala pamoja. Wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo mama wengi wanaweza kuikumbuka. Tuseme uliona mwezi tarehe 1 Machi. Mume wako anafanya kazi Nairobi, akaja nyumbani tarehe 15 Machi, akalala, akarudi. Ukaenda kliniki tarehe 26 Aprili, muuguzi akaandika kwenye kijitabu: wiki 8. Mzee anapiga simu, unamwambia, naye anahesabu kwa vidole. “Mimi nilikuja wiki 6 zilizopita. Hizo 2 ni za nani?”

Hizo 2 si za mtu. Ni zile siku za tangu mwezi uanze mpaka yai litoke, wakati hapakuwa na mimba yoyote. Mwanamke ambaye mwezi wake huja kila siku 28 hutoa yai karibu na siku ya 14, kwa hivyo wiki za kijitabu huzidi wiki za mimba yenyewe kwa takriban 2. Siku ile mwezi unapokosa kuja, kwa hesabu ya kliniki tayari una wiki 4. Mama wa mfano wetu atatazamiwa kujifungua mwanzoni mwa Desemba, na hapo mtu asishangae tena.

Ukiona mzee anakunja uso, usibishane naye usiku kucha. Mwambie mfuatane kliniki, muuguzi amweleze mwenyewe. Na wewe mama mkwe unayesikiliza, kabla hujasema neno kwa majirani, hesabu tena. Kalenda ya ukutani, ile ya duka au ya chama, inatosha. Weka alama kila mwezi unapoanza.

Wengine huuliza: ni jana tu, kondomu imepasuka, au nilisahau vidonge, nifanyeje? Hapa usipime, ni mapema mno. Kuna vidonge vya dharura, ambavyo wengi huviita P2. Vimeze haraka uwezavyo. Vinafanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 3, na vinaweza kusaidia mpaka siku ya 5, ila nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Koili ya shaba ikiwekwa na mhudumu ndani ya siku 5 ina nguvu zaidi kuliko vidonge. P2 haitoi mimba iliyokwisha kushika, na haikusudiwi kuwa njia ya kila wiki. Mwezi ukichelewa zaidi ya wiki 1 baada ya kuimeza, pima.

Na ikiwa ni mistari miwili na hukuipanga? Mama, kaa chini kwanza. Kulia si dhambi, wala kunyamaza siku mbili tatu si kosa. Kisha tafuta mtu mmoja wa kumwambia ambaye hatakimbilia sokoni nalo. Muuguzi anatakiwa kuweka siri yako. Usinywe mchanganyiko wa mtu yeyote wala vidonge ulivyouziwa kwa kunong’onezwa, kwa sababu kutokwa na damu nyingi na kuoza kwa kizazi huanzia hapo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, hairuhusu kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Na kama jambo limekwisha kufanyika na mtu anatokwa na damu au ana homa, mpelekeni hospitali bila kuogopa. Kifungu cha 43 kinasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura.

Anayeendelea na mimba aanze kliniki kabla ya wiki 12. Atapimwa damu, presha, kaswende na virusi vya ukimwi, na atapewa vidonge vya kuongeza damu. Kadi ya NHIF haitumiki tena tangu Oktoba 2024, kwa hivyo jiandikishe SHA mapema, usingoje uchungu.

Nimeacha la binti mpaka mwisho. Ukishuku kwamba binti yako ana mimba, usimpime kwa nguvu wala kumwuliza mbele ya kaka zake. Mwite mkachume mboga pamoja. Sentensi yako ya kwanza ndiyo atakayokumbuka anapoamua kama atakuambia ukweli au ataenda kwa muuza dawa wa kichochoroni. Mwulize pia ni nani, na kama alilazimishwa. Kulala na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, hata kama mwenye kosa anasema alikubali. Wazee kukaa chini ya mti na kukubaliana ng’ombe hakufuti kosa hilo. Kama ametendewa leo au jana, asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, afikishwe hospitali ndani ya saa 72 apewe dawa ya kukinga virusi vya ukimwi na ya kuzuia mimba. Simu za bure ni 116 kwa watoto na 1195 kwa waliodhulumiwa.

Shule haijafungwa kwake. Tangu 1994 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani, na mwongozo wa 2020 unasema hivyo hivyo. Mwalimu mkuu akikataa, nenda ofisi ya elimu. Mtoto mchanga atahitaji mtu wa kumshika binti akiwa shuleni, kwa hivyo zungumzeni mapema nyumbani ni nani.

Kipindi kijacho tutaeleza yanayofanyika siku ya kwanza ya kliniki, tangu kupimwa uzito mpaka kupewa kijitabu. Saisere.