Betri Ikichoka, Gari Hujisingizia Ugonjwa

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba kila wingu lina mvua. Leo nataka tuzungumze juu ya wingu lililokaribia kunyesha juu ya ada ya shule ya mwanangu.

Gari langu ni kama mengi yapitayo bandari ya Dar es Salaam, limekwisha tumika Japani kabla ya kunifikia mimi. Asubuhi moja niliwasha, likakoroma kwa uvivu, kisha likakubali. Mara taa za onyo zikawaka kama ukumbi wa harusi: ya ABS, ya usukani, ya injini. Usukani wenyewe ukawa mzito.

Gereji, fundi kijana aliunganisha mashine yake ya kupimia, ikatoa orodha ndefu ya hitilafu. "Mzee," akaniambia, "kompyuta ya ABS imekufa, na mota ya usukani nayo inakwenda." Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na ada ya muhula mzima. Nikaaga, nikaenda kutafuta fedha.

Njiani nilipita kwa fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mwembe. Akauliza, "Bwana, betri hii ina umri gani?" Sikujua. Tukazima gari, tukanywa kahawa, kisha akachukua mita yake: volti 11.8. Akaniambia niwashe. Stata ilipozunguka, mita ikaporomoka hadi 8. "Mponye huyu kwanza," akasema, "ndipo tuwaulize wengine." Nikanunua betri. Taa nyingine zikazimika papo hapo, nyingine baada ya kufutwa kwa mashine. Hazijarudi.

Sababu ni nini? Betri ya volti 12 iliyo nzima na iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha kama 12.6. Injini ikiunguruma, katika magari mengi altaneta huipandisha hadi 14 hivi. Wakati wa kuwasha, ikishuka chini ya 9.6, itilie shaka. Kompyuta za gari zote hula chungu kimoja. Umeme ukipungua, kila moja hulalamika kuwa sehemu yake ni mbovu, kumbe ni nzima. Ni kama mtu mwenye njaa: mikono hutetemeka, macho huona kiwi. Ukimnunulia miwani hujamponya.

Kwa hiyo, taa nyingi zisizohusiana zikiwaka kwa pamoja, anza na betri. Pima, safisha ukungu kwenye vichwa vyake, kaza waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, kisha pima altaneta. Nasi wa pwani tukumbuke kuwa joto hufupisha maisha ya betri.

Sisemi taa zipuuzwe. Taa ya breki ikiwaka, simama pahali pa salama kwanza. Na betri ikionekana nzima na taa ikaendelea, hapo fundi ana haki ya kufungua. Ninalosema ni kwamba kipimo kitangulie mkoba.

Yule kijana hakuwa mwizi. Aliiamini mashine, na mashine ilisoma yaliyoandikwa. Ila hakuna aliyeuliza kwa nini yameandikwa yote siku moja.

Mwanangu yuko darasani. Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.