Sauti Chini ya Ukuta

Tumefungua 2 Wafalme 18. Rabshake, mjumbe wa Ashuru, yu chini ya ukuta wa Yerusalemu. Wakubwa wamsihi aseme Kiaramu. Yeye apaaza sauti kwa Kiyahudi, ili raia walio ukutani wasikie, waogope.

Katika vita vya 1939–1945 jeshi la Waingereza lilituma askari Waafrika kuzunguka Afrika Mashariki kwa gwaride na sinema, wakiyasifu maisha ya jeshini kwa Kiswahili fasaha. Si yote yalikuwa uongo: sare ilikuwapo, na mshahara. Lakini Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini, upande wa pili wa kisiwa chetu kutoka Mji wa Kale. Tarehe 12 Wajapani waliizamisha karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Habari kama hizo hazikuwa za kipaza sauti. Mama aliyengoja barua angemwuliza nani?

Nasi tunaosema redioni twaisoma sura hii kwa hofu kidogo.

Watu wa Hezekia hawakumjibu Rabshake neno. Barua ya vitisho ilipofika, mfalme aliikunjua mbele za Bwana.