Jukwaa Humrudishia Mgonjwa Sauti Yake



Tamthilia ya kisiasa, yaani mchezo wa jukwaani unaoyahoji mamlaka mbele ya umma, hupata uzito zaidi inapouhusisha ugonjwa wa mtu mmoja na hali ya taifa zima. Mjerumani Christoph Schlingensief aliasisi mwaka 1998 chama cha siasa kilichowapa nafasi watu wasio na ajira na wenye ulemavu, ili Wajerumani waulizwe ni nani hasa anayehesabiwa kuwa mwananchi. Na mwaka 2008, baada ya kugunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, alitayarisha huko Duisburg onyesho lenye sura ya ibada ya kanisani, ambalo kiini chake kilikuwa maradhi yake mwenyewe.

Afrika Mashariki nayo ilikwisha kuikabili Ujerumani jukwaani. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mtu aliyepagawa na pepo anawaunganisha wanyonge dhidi ya kilimo cha pamba kilicholazimishwa na wakoloni wa Kijerumani, na tamthilia hiyo ya Vita vya Maji Maji ilitangulia kwa zaidi ya nusu karne ombi la msamaha alilolitoa Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, mjini Songea, Novemba 2023.

Bungoma, nchini Kenya, ina kisa kinachokaribiana na cha Kinjeketile. Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, yaani dini iliyofufua ibada ya mizimu ya Wabukusu na kuwataka wakoloni Waingereza waondoke, alikamatwa mwaka 1945, akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari hadi mwaka 1947. Dini yake, iliyokuwa na wafuasi hata katika mashamba ya walowezi wa Kitale, ikapigwa marufuku mwaka 1948. Kumtangaza mpinzani kuwa kichaa ni kumnyang'anya maneno yake, tena ni kuwadhulumu wagonjwa wa kweli, kwa kuwa maradhi yao yanageuzwa kuwa adhabu.

Kwa hiyo wahitimu wa leo wa Kitale na Bungoma, ambao baadhi yao watawaongoza wanafunzi katika tamasha za drama, wanasihiwa wawasikilize wazee wa Kimilili na Kitale wangali hai, wasimfanye Masinde malaika wala kichaa, na waitunge historia hiyo kwa Kiswahili ambacho kila mzazi atakifuata. Taifa linaloogopa kuwatazama wagonjwa wake haliwezi kujijua, na wahitimu hawa wamepewa elimu ya kuiondoa hofu hiyo, waitumie.