Kopo la Leo Lifanane na la Jana

Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema pale kwenye machimbo ya Mwakitolyo, Shinyanga, wa kwanza kujua ni mnunuzi wa dhahabu, na wa pili ni mwenye saluni. Pesa ya mgodini hupita kwa mama lishe, hupita kwa muuza vitenge, na sehemu yake nzuri huishia kwenye duka la vipodozi. Mchimbaji aliyeshinda shimoni anataka mafuta ya mgando. Mama anayechekecha mchanga wa marudio mwaloni, panapooshewa dhahabu, anataka losheni, maana mikono imepasuka. Binti anayejiandaa kwenda mnadani anataka dawa ya nywele. Wote wananunua, na makopo wanayonunua yametengenezwa mbali. Pesa iliyotoka ardhini Shinyanga inapanda gari kwenda Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Leo nataka tujiulize: familia ya Mwakitolyo inaweza kuwa na kampuni yake ya vipodozi? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti ambayo wengi wetu hatuyapendi.

Tuanze na waliotutangulia. Mwaka 1995, jijini Nairobi, Paul Kinuthia alianza na mtaji wa shilingi 3,000 za Kenya. Alitengeneza shampuu kwa mkono na kuwauzia wenye saluni. Kutokana na kazi hiyo tukapata chapa ya Nice & Lovely, na mwaka 2013 kampuni kubwa ya Ufaransa, L'Oréal, ikainunua biashara yake ya vipodozi. Kampala nako, mwaka 1997, Simpson Birungi alianzisha Movit. Leo kiwanda hicho kinauza nje ya Uganda, na bidhaa zake zinafika Rwanda, Kongo na hapa kwetu Tanzania.

Watu wakisikia habari hizi hudhani mafanikio yalitokana na mchanganyiko wa siri. Mimi sikubaliani nao. Malighafi za mafuta ya mgando zinauzwa kwa yeyote mwenye pesa. Mteja analipia uhakika kwamba kopo la leo litafanana na la jana: harufu ile ile, uzito ule ule, wala ngozi haiwashi. Mwenye saluni ndiye hakimu wa kwanza. Akimharibia mteja nywele kwa dawa yako, hakupi nafasi ya pili.

Uhakika huo hupatikana kwa vipimo, na hilo ndilo sharti la kwanza. Chukua sabuni: mafuta na kostiki soda. Soda ikizidi, sabuni inaunguza ngozi. Ikipungua, inabaki na mafuta yasiyogeuka sabuni. Losheni ni ngumu zaidi kwa sababu ina maji ndani, na penye maji ukungu na bakteria hupata makazi. Bila kihifadhi sahihi, kwa joto letu hili, losheni nzuri ya wiki hii inaweza kunuka kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo familia inayoanza ianze na sabuni na mafuta ya mgando, losheni ije baadaye. Na hapa Mwakitolyo hatuna kisingizio cha mizani. Kila mnunuzi wa dhahabu anapima hadi sehemu ya gramu, na hakuna mchimbaji anayekubali kukadiriwa kwa jicho. Umakini huo huo uhamie kwenye soda. Mafuta ya sabuni nayo si ya kuagiza ng'ambo: mikoa yetu inalima pamba, na mbegu za pamba zinakamuliwa mafuta.

Sharti la pili ni gumu kuliko mizani, nalo ni pesa. Biashara nyingi za familia haziuawi na washindani. Huuawa na mkuu wa familia anayechomoa pesa kwenye droo. Leo ada ya mtoto, kesho mchango wa harusi ya binamu, keshokutwa baba anaazima mtaji apeleke kwenye duara jipya ambalo ameambiwa lina mkanda mnono wa dhahabu. Mwezi unaofuata hakuna pesa ya makopo. Mama anayetengeneza sabuni alipwe mshahara, hata ukiwa mdogo, na kijana anayesambaza alipwe wake. Kinachobaki ni cha kampuni, na baba mwenyewe asikiguse.

Sharti la tatu, msikilizaji, linatuhusu sana sisi watu wa machimbo. Kuna njia fupi ya kukuza biashara ya vipodozi, na kila muuzaji anaijua: mkorogo. Cream ya kuchubua ngozi inatoka haraka na faida yake inavutia. Lakini baadhi ya sabuni na cream hizo zina zebaki, ile ile tunayoitumia kukamatia dhahabu mwaloni. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu anang'aa upesi. Kisha huingia mwilini na kuharibu figo. Mama mwenye ujauzito anamhatarisha na mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unapiga marufuku vipodozi vilivyoongezwa zebaki. Mwanamke wa Mwakitolyo anayevuta mvuke wa zebaki mchana kwenye dhahabu, halafu usiku akajipaka zebaki usoni, anaumizwa mara mbili. Familia inayomuuzia kitu hicho haijengi kampuni. Inauza afya ya majirani zake, na siku ya ukaguzi itapoteza mzigo na jina.

Kuna na suala la urithi, ambalo familia zetu huliogopa. Shinyanga tunao mfano mkubwa. John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na kuujenga mgodi akiwa mmiliki mwenyewe. Hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1958, warithi wake waliuza, na mgodi ukaenda kwa De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Sasa tazama L'Oréal hao hao walionunua Nice & Lovely. Eugène Schueller aliianzisha mwaka 1909 kwa kuwauzia wasusi wa Paris rangi ya nywele. Alipofariki mwaka 1957, binti yake Liliane Bettencourt alirithi umiliki, lakini uongozi ukashikwa na François Dalle, mwajiriwa aliyeijua kazi. Hadi leo familia hiyo inamiliki karibu theluthi moja ya hisa. Kurithi mali na kuendesha kiwanda ni mambo mawili. Mtoto wa kwanza si lazima awe meneja, na kuuza kampuni kwa bei nzuri si aibu. Aibu ni kuuza kwa sababu ndugu wanagombana msibani.

Basi familia ya Mwakitolyo ianzie wapi? SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu mwaka 1973 na inafundisha kutengeneza sabuni. TBS, shirika la viwango, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi, ina utaratibu wa kumpa mjasiriamali mdogo anayetambuliwa na SIDO alama ya ubora bila malipo mwanzoni. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Milango hii ipo, lakini haimfuati mtu nyumbani.

Rai yangu ni hii. Madiwani na maofisa maendeleo ya jamii, leteni mafunzo hayo kwenye machimbo yenyewe, msisubiri mama aache kazi ya siku nzima aende mjini. Wenye maduka, kataeni mkorogo hata kama jirani anauza. Na wewe baba uliyepata gramu zako msimu huu, kabla hujazirudisha zote shimoni, kaa na mkeo mpige hesabu ya mizani, soda na makopo. Dhahabu ya duara lako itaisha. Sabuni watu watanunua tena mwezi ujao.