Hotuba ya Mgeni Rasmi: Mkasi, Gundi na Hoja ya Darwin

Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kufungua maonyesho haya ya sayansi.

Mwaka 1871 Charles Darwin alieleza kwamba viumbe hubadilika pia kwa ajili ya kutafuta mwenzi: madume hushindana, majike huchagua. Huo ndio uteuzi wa kijinsia. Kwamba madume hupigana, halikuwa na ubishi. Kwamba jike huchagua, wasomi wengi walilitilia shaka.

Ushahidi mzito ulipatikana hapa kwetu Kenya, kwenye nyanda za Kinangop. Huko yuko ndege mweusi ambaye mkia wa dume hufikia nusu mita. Mtafiti Malte Andersson kutoka Sweden aliwanasa madume 36. Baadhi aliwakata mkia, na vipande akawaunganishia wengine kwa gundi. Wengine aliwakata kisha akawarudishia mkia wao uleule, apate kujua kama kukatwa kwenyewe kunaleta tofauti. Akahesabu viota vipya katika eneo la kila dume. Waliorefushwa mkia ndio waliopata vingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982.

Na binadamu je? Hebu kila mmoja apitishe ulimi kwenye jino lake la chonge. Ni fupi, na la mwanamume halipishani sana na la mwanamke. Dume la sokwe ana chonge ndefu, silaha ya kupambana na madume wenzake. Lakini Ardipithecus ramidus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu aliyeishi Ethiopia miaka milioni 4.4 iliyopita, tayari alikuwa na chonge ndogo, ilhali ubongo wake haukuwa mkubwa kuliko wa sokwe. Kwa hiyo silaha ilipungua kwanza, akili ikakua baadaye. Baadhi ya wataalamu husema majike waliwapendelea madume wasio wakali. Mjadala bado unaendelea. Mimi nasadiki kwamba mabavu peke yake hayakutufikisha hapa.

Wanafunzi, mjadala huo unawangoja ninyi. Msiridhike na kukariri. Hoja iliyobishaniwa zaidi ya miaka mia moja ilipimwa kwa mkasi, gundi na hesabu ya viota. Vifaa vya namna hiyo havikosekani shuleni. Kinachohitajika ni swali lililonyooka na uaminifu wa kuandika kile mlichokiona.

Wazazi na walimu, mtoto akiuliza asili yetu, tusimnyamazishe.

Kwa heshima na taadhima, natamka kwamba maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.