Siha ya Mtoto Aliyevuka Bahari

Mtoto wa Kampala au wa Mumbai aliyeasiliwa na aila ya Marekani haingii nchi ile ila awe amekwisha kupimwa na tabibu aliyeidhinishwa na ubalozi. Na wazazi wengi, kwa furaha ya kuipokea ile hati yenye muhuri, hudhani kwamba shauri la siha yake limekwisha. Dhana hiyo ina hatari, kwa kuwa kipimo kile kimewekwa kuikinga nchi na maradhi ya kuambukiza, kama kifua kikuu na kaswende, wala hakikukusudiwa kumweleza mzazi kama mtoto anasikia sawasawa, au kama ana madini ya risasi mwilini.

Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani hunasihi mtoto aonwe tena ndani ya wiki 2 tangu kuwasili. Hapo tabibu humzungushia kichwa utepe wa kupimia, akamchukua damu, akaagiza choo cha siku mbalimbali, maana vijidudu vya tumbo havionekani kila siku, kisha akatafuta mkononi kovu la chanjo ya kifua kikuu. Kovu hilo limewaponza wengi: kipimo cha ngozi cha ugonjwa huo kikivimba, watu husema ni chanjo tu, na mtoto akakosa dawa, ilhali kwa aliyetimiza miaka 2 kiko kipimo cha damu kisichoghurika na chanjo hiyo.

Na hata majibu yakiwa mema, si yakini bado. Aliyeambukizwa homa ya ini B karibu na safari aweza kupimwa isionekane, na mwili uliodhoofishwa na utapiamlo huenda usiitikie kipimo cha ngozi. Kwa hiyo homa ya ini hupimwa tena baada ya miezi 6. Miezi hiyo ndiyo niihofiayo, kwani mtoto huwa amekwisha kunenepa na kuzoea nyumba, na mzazi haoni sababu ya kumrudisha kwenye sindano. Nasema arudishwe.

Nanyi walezi wa vituo vya yatima, ambao Mkataba wa The Hague wa 1993 juu ya uasili wa kimataifa hutegemea kumbukumbu zenu unapotaka habari za maradhi ya mtoto na ya jamaa zake, andikeni mlijualo: kama mimba ilitimia, kama mama alikuwa na kifafa au kisukari. Hayo hakuna maabara ya ng'ambo itakayoyasoma katika damu ya mtoto.